Mbwa wa Kutegemewa Huanza Kuchaguliwa Kabla Hajazaliwa

Tuanze na kazi yenyewe, mbwa tutamfikia baadaye. Mtu asiyeona anatoka nyumbani kwake upande wa Mlima Nzaui akielekea sokoni Matiliku, Makueni. Njiani kuna mfereji uliochimbwa na mvua ya Novemba, pikipiki ya bodaboda iliyoegeshwa pembeni, mbuzi waliofungwa kamba, na tawi la mwembe lililoinama usawa wa paji lake la uso. Fimbo nyeupe itampa habari za mfereji na za pikipiki. Tawi haitaligusa, maana fimbo hupapasa chini. Mbwa aliyefunzwa vizuri hulipita tawi hilo kwa mbali, akipima nafasi ya mwili wake na ya mtu aliyemshika hatamu. Huko sokoni, mtu wa kiti cha magurudumu ameangusha simu. Mbwa wake anaiokota kwa mdomo, anampandishia mapajani, na kioo hakina hata mkwaruzo.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu. Makueni kiwango kilikuwa asilimia 4.1, miongoni mwa vya juu kabisa nchini. Mbwa tunao tele, ila tunawajua kama walinzi wa boma na wenzetu wa malishoni. Barani Afrika, Afrika Kusini ina chama cha mbwa waongozaji tangu mwaka 1953, kilichoanzishwa na Gladys Evans, mwanamke aliyepoteza uwezo wa kuona. Huko Ulaya na Marekani kazi hii imekuwa sayansi kamili, na sayansi hiyo ndiyo ninayotaka tuipitie taratibu, kwa kuwa mwenye kuielewa hatauziwa mtoto yeyote wa mbwa kwa jina la mbwa msaidizi.

Tuyaorodheshe mahitaji ya kazi. Mbwa asishtuke lori likipiga honi. Asimfukuze kuku. Apende kubeba vitu bila kuviuma. Afurahie kufanya kazi karibu na binadamu siku nzima. Macho yake yawe salama kwa miaka minane au tisa, na nyonga zake zihimili mwendo. Halafu kuna jambo gumu kuliko yote: ajue kukataa amri. Mwenye mbwa akisema "twende" na gari linakuja, mbwa asimame tuli hata akivutwa.

Kwa nini basi shule nyingi huchagua ritriva, yaani Labrador na Golden Retriever? Jibu liko kwa wawindaji wa ndege wa Uingereza wa karne ya 19. Walihitaji mbwa wa kukaa kimya, kuona mahali ndege aliyepigwa risasi alipoangukia, kungoja aambiwe, kisha kwenda kumleta bila kumtafuna. Labrador alitokana na mbwa wa wavuvi wa Newfoundland. Golden Retriever alianzia Guisachan, Scotland, ambako mwaka 1868 Dudley Marjoribanks, aliyekuja kuitwa Lord Tweedmouth, alimpandisha Nous, dume wa rangi ya manjano, kwa Belle, jike wa jamii ya mbwa wa majini wa Mto Tweed. Mbwa aliyemtafuna ndege hakupewa nafasi ya kuzaa. Yule mwenye mdomo mwororo alizaa. Kwa vizazi vingi wawindaji wakawa wameifanya nusu ya kazi yetu bila kukusudia. Ni kweli kwamba mbwa waongozaji wa mwanzo, kama wale wa shule ya The Seeing Eye iliyofunguliwa Marekani mwaka 1929 na wale wanne waliohitimu Wallasey, Uingereza, mwaka 1931, walikuwa aina ya German Shepherd. Ritriva walikuja kushika nafasi kwa wepesi wao wa kuhama kutoka mkono wa mlezi kwenda kwa mkufunzi, na kutoka kwa mkufunzi kwenda kwa mwenye kuwahitaji.

Sasa tuingie ndani ya mwili. Mbwa ana jozi 39 za kromosomu. Katika kila jozi, kromosomu moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama. Kwa hiyo karibu kila jeni, yaani maagizo ya kutengeneza kipande fulani cha mwili, ana nakala mbili. Akizaa, humpa mtoto nakala moja tu kati ya hizo mbili, na hakuna anayechagua ni ipi. Shika sentensi hiyo, kwani mengi yatakayofuata yamejengwa juu yake.

Tuchukue ugonjwa mmoja wa macho. Baadhi ya Labrador duniani hubeba hitilafu katika jeni iitwayo PRCD. Mbwa mwenye nakala mbili mbovu huzaliwa akiona vizuri. Hukua, hufunzwa, huanza kazi. Kisha akiwa mtu mzima, chembe za nyuma ya jicho zinazopokea mwanga zinaanza kufa. Hupoteza kwanza kuona gizani, halafu mchana, mpaka anapofuka kabisa. Fikiria mtu asiyeona anayeongozwa na mbwa ambaye naye anapofuka polepole, bila yeyote kati yao kuweza kumwambia mwenzake. Hitilafu hii ilitambuliwa mwaka 2006, na watafiti waliipata hiyo hiyo, herufi kwa herufi, kwa binadamu mmoja mwenye ugonjwa wa aina hiyo wa macho.

Mbwa mwenye nakala moja mbovu na moja nzima hana shida yoyote. Ile nzima inatosha. Daktari akimwangalia macho leo na miaka kumi ijayo atamkuta mzima. Lakini ni mbebaji. Ukimpandisha kwa mbebaji mwenzake, kila mtoto ana nafasi nne zilizo sawa: nzima kwa baba na nzima kwa mama, nzima kwa baba na mbovu kwa mama, mbovu kwa baba na nzima kwa mama, mbovu kwa wote wawili. Robo hawana hitilafu, nusu ni wabebaji, robo watapofuka. Wazazi wote wawili walikuwa wanaona vizuri, na mfugaji aliyewachagua kwa kuwatazama tu hakuwa na namna ya kujua.

Wengi hapa wangesema wabebaji wote waondolewe kwenye uzazi. Mimi nasema hapana, na hesabu inaniunga mkono. Mpandishe mbebaji kwa mbwa asiye na hitilafu kabisa. Kila mtoto atapata angalau nakala moja nzima, kwa hiyo hatapofuka hata mmoja. Nusu yao watakuwa wabebaji, na kipimo cha damu au cha mate kitawaonyesha. Kama mbebaji huyo ana tabia njema na nyonga nzuri, tunabaki na wema wake, tunamchagua mrithi kati ya watoto wasio na hitilafu, na katika kizazi kimoja jambo limekwisha. Kuwafukuza wabebaji wote kwa pupa kunapunguza idadi ya wazazi, na tutaona baadaye madhara yake.

Macho yalikuwa rahisi kwa sababu ni jeni moja. Nyonga ni habari nyingine. Kiungo cha nyonga ni kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja kinachokaa ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Kikombe kikiwa na kina cha kutosha, kichwa huzunguka bila kuyumba. Kikiwa kifupi, kichwa hucheza, hukwaruza, na baada ya miaka mbwa hupata baridi yabisi na kuanza kuinuka kwa taabu. Ili kulipima hili, mbwa hupewa dawa ya usingizi, hulazwa chali, miguu ya nyuma ikanyooshwa sambamba na kuzungushwa kidogo kwa ndani mpaka magoti yatazame juu, ndipo picha ya eksirei hupigwa. Mpimaji huangalia kichwa cha mfupa kimefunikwa na kikombe kwa kiasi gani. Marekani cheti cha kudumu cha nyonga hakitolewi kabla mbwa hajatimiza miaka miwili, na hiyo ni sababu mojawapo ya mfugaji makini kutompandisha jike kabla ya umri huo, hata kama ameshaingia kwenye joto mara mbili au tatu.

Hapa hakuna jeni moja ya kulaumu. Ni jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, pamoja na chakula, unene na mazoezi ya utotoni. Kwa tabia za namna hii wanasayansi hutumia kipimo cha urithi. Kipimo hicho kinauliza swali moja: tofauti tunazoziona kati ya mbwa na mbwa zimetokana kwa kiasi gani na tofauti za jeni zao? Kikiwa sifuri, kuchagua wazazi ni kupoteza muda. Kikiwa karibu na moja, mtoto atafuata wazazi karibu kabisa. Nyonga ziko mahali fulani kati, upande wa chini. Kwa sababu hiyo, mbwa mwenye nyonga nzuri anaweza kuwa amebahatika tu katika malezi huku akibeba urithi mbaya. Utamjuaje? Waangalie ndugu zake wa tumbo moja, wazazi wake, mababu zake na watoto wake waliotangulia. Kama ndugu watano kati ya saba wana nyonga mbaya, uzuri wa huyu mmoja usikudanganye.

The Seeing Eye walifanya hivyo kwa subira. Katika matokeo aliyoyachapisha Eldin Leighton mwaka 1997, ndani ya vizazi visivyofika vitano, German Shepherd wenye ugonjwa wa nyonga walishuka kutoka asilimia 55 hadi 24, na Labrador kutoka asilimia 30 hadi 10. Haikuwa dawa wala upasuaji. Yalikuwa madaftari, picha za eksirei, na ujasiri wa kumwambia mtu aliyempenda mbwa wake kwamba mbwa huyo hatazaa.

Na woga? Watu wengi hudhani woga wa mbwa hutokana na kupigwa. Kipigo humharibu mbwa, hilo halina ubishi. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wawili nchini Australia, Goddard na Beilharz, waliwachunguza Labrador waliofugwa kuwa mbwa waongozaji, wakakuta woga ndio uliowaondoa wengi kwenye mafunzo, na kwamba ulirithiwa kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2021 Emily Bray na wenzake walitoa matokeo ya watoto 375 wa ritriva waliopimwa wakiwa na wiki nane hivi, kabla ya mafunzo yoyote. Mtu alionyesha kwa kidole kikombe chenye chakula, nao wakatazamwa kama watafuata kidole. Wengi walifuata. Zaidi ya asilimia 40 ya tofauti zilizoonekana kati ya mtoto na mtoto zilielezwa na jeni. Utayari wa kumsoma binadamu, basi, huingia na mtoto duniani.

Lakini uchaguzi una gharama ambayo mchaguaji haioni. Mwaka 2016 Eleanor Raffan wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walichapisha habari za jeni iitwayo POMC. Jeni hii husaidia kutengeneza kemikali zinazoambia ubongo kwamba tumbo limeshiba. Baadhi ya Labrador wamepungukiwa herufi 14 katika jeni hiyo, na ujumbe wa shibe haufiki sawasawa. Mbwa wa namna hiyo huomba chakula daima, huokota makombo, hunenepa haraka. Kati ya Labrador wa kawaida, karibu robo walikuwa na upungufu huo. Kati ya wale wa ukoo wa mbwa wasaidizi waliopimwa, ni asilimia 76.

Tulia hapo kidogo. Hakuna aliyekaa akaamua kufuga mbwa wenye njaa isiyokwisha. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mbwa wasaidizi hufunzwa kwa kupewa punje za chakula. Mbwa anayependa sana chakula hufunzika kwa urahisi. Anayefunzika huhitimu. Mwenye sifa za kuhitimu huchaguliwa kuwa mzazi. Kizazi baada ya kizazi, tukidhani tunachagua akili na utiifu, tulikuwa tunachagua njaa pia. Kwangu mimi hili ni deni tunalodaiwa na mbwa hawa. Tumewapa njaa kwa faida yetu, basi ni juu yetu kuwapimia chakula kwa mizani, kuwakinga na unene, na kukoma kupima akili ya mbwa kwa kipande cha nyama peke yake.

Gharama ya pili wafugaji wa mbuzi wa Nzaui na Kalamba wanaijua. Beberu mmoja akikaa bomani mpaka anawapanda binti zake, baada ya muda watoto huzaliwa dhaifu, wengine hufa mapema. Sababu ni ile ile ya nakala mbili. Baba akimpanda binti yake, kila jeni ya mtoto ina uwezekano wa robo kuwa na nakala mbili zilizotoka kwenye chanzo kimoja. Hitilafu iliyokuwa imejificha nyuma ya nakala nzima hukutana na pacha wake. Kwa mbwa hatari huja kwa njia ya dume maarufu: kila mtu anamtaka huyo aliyezaa wahitimu kumi, na baada ya vizazi vitatu kila jike aliyepo ni mjukuu wake. Shule kubwa hubadilishana mbegu kuvuka bahari kwa sababu hiyo, na nyingi huchanganya Labrador na Golden ili kupata mtoto asiye na hitilafu za upande mmoja zilizorudufiwa.

Jeni zikishapangwa, mama huanza kazi yake. Mimba ni siku 63 hivi. Mwaka 2017 Bray na wenzake walitoa matokeo ya majike 23 na watoto 98 wa The Seeing Eye waliofuatiliwa tangu kuzaliwa mpaka mwisho wa mafunzo. Mama akinyonyesha amelala, watoto hupata chuchu bila jasho. Mama akinyonyesha amekaa au amesimama, mtoto lazima ajiinue, asukume, ateleze, ajaribu tena. Watoto wa mama aliyezidisha kuwahudumia walikuwa na uwezekano mkubwa wa kushindwa mafunzo. Wale waliohangaikia maziwa walifanya vizuri zaidi. Shida ndogo, zinazolingana na nguvu za mtoto, humwandaa kwa dunia.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa malezi ya namna hii, ingawa mnyama ni mwingine. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hulea panya buku wa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Watoto wa panya hao huanza kubebwa na kuzoeshwa watu, sauti na mwanga mara baada ya kufungua macho. Magawa, aliyezaliwa huko na kutunukiwa medali ya dhahabu ya PDSA mwaka 2020, alipitia malezi hayo. Ujuzi wa kulea mnyama wa huduma, kuandika kumbukumbu zake na kumpumzisha anapozeeka upo karibu nasi.

Je, ritriva anafaa Matiliku? Tuseme ukweli. Mbwa hatoi jasho la kutosha kumpoza. Hupumua haraka ulimi ukiwa nje, na maji yanayokauka mdomoni ndiyo hupunguza joto. Ritriva ana tabaka mbili za manyoya yaliyokusudiwa maji baridi ya kaskazini. Jua la Februari la Makueni lingemlazimu kufanya kazi asubuhi na jioni, na kupe wangemsumbua kuliko mbwa wa kienyeji ambaye mababu zake walichujwa na kupe hao hao kwa karne nyingi. Kuna watakaosema tuwachanganye. Kizazi cha kwanza huenda kikapendeza, kwa kuwa kila mtoto hupata nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Ila watoto wa kizazi hicho wakizaliana, nakala zinachanganywa upya, na tumbo moja litatoa mtulivu, mwoga na mkali. Kuwatuliza tena kungechukua vizazi vingi vya kupima na kuandika. Siufungi mlango huo. Nasema tu kwamba bila daftari haufunguki.

Kabla ya yote hayo kuna kichaa cha mbwa. Mbwa mwongozaji hana ruhusa ya kukimbia akivamiwa na mbwa anayezurura. Kazi yake ni kubaki kando ya mtu wake. Mpango wa Kenya wa kutokomeza kichaa cha mbwa, wa 2014 hadi 2030, uliitaja Makueni miongoni mwa kaunti za kuanzia. Lengo ni kuchanja mbwa saba kati ya kila kumi, kwa kuwa kiwango hicho kikidumishwa, virusi hukosa mbwa wa kutosha wa kuambukiza na ugonjwa hukatika. Philip Kitala na wenzake, katika utafiti wa Machakos uliochapishwa mwaka 2001, walikuta karibu nusu ya mbwa wana umri wa mwaka mmoja au chini yake. Maana yake karibu nusu ya mbwa walioko leo hawakuwepo kwenye chanjo ya mwaka jana, kwa hiyo hawajachanjwa. Kampeni ya mara moja haitoshi.

Wewe msomaji uliye na Labrador au Golden, na jirani amekuambia umpandishe kwa kuwa watoto wake wana bei, muulize daktari wa mifugo mambo matatu kwanza: picha ya nyonga, kipimo cha jeni ya macho, na ukoo wa dume unayeletewa. Likikosekana hata moja, usimpandishe. Ukimpandisha, andika kila mtoto alikokwenda, na uwe tayari kumpokea atakayerudishwa. Ukiuziwa mtoto kwa jina la mbwa msaidizi, omba kuwaona wazazi na karatasi zao, maana hata katika shule bora si watoto wote waliochaguliwa kwa uangalifu wanaohitimu, na hakuna awezaye kukuahidi kwamba mtoto wa wiki sita atahitimu. Na kama una mbwa wa kienyeji tu, mpeleke achanjwe anapofika miezi mitatu, kisha kila mwaka, na uitunze kadi yake.